Vyeo vya Kujitungia: Ngoma ya Beni na Njia ya Ziwa Tanganyika

1. Utangulizi

Richard Burton na John Speke walipofika Uvira kwa mitumbwi mwezi Aprili 1858, walikuta kwamba hapo ndipo ulipokuwa mwisho wa safari za wafanyabiashara waliotoka Ujiji kwenda kaskazini mwa Ziwa Tanganyika. Pembe za ndovu, watumwa, nguo za magome ya miti na vifaa vya chuma vilikusanywa huko na kupelekwa kusini. Bidhaa za pwani zilipanda kwa njia hiyohiyo, na pamoja nazo ilipanda lugha ya Kiswahili, ambayo hadi leo ni lugha ya soko, ya kanisa na ya msikiti katika Uvira.

Njia inayopitisha bidhaa na lugha hupitisha pia michezo. Miongoni mwa michezo iliyosafiri kutoka pwani hadi bara, kisha ikavuka mipaka ya makoloni, hakuna uliozua mabishano kama ngoma ya beni. Wako walioiona kuwa ni mwigo mtupu wa Wazungu, yaani kasumba iliyovaa sare na kupuliza tarumbeta. Wako pia, hasa maofisa wa serikali za kikoloni, walioishuku kuwa ni chama cha siri kilichojificha nyuma ya ngoma. Makala hii inatoa hoja kwamba pande zote mbili zilikosea. Wachezaji wa beni walipokea ulimwengu ulioundwa na wengine, wenye mfalme, gavana, jemadari na daktari, kisha wakaujaza mambo yao wenyewe.

2. Chimbuko la beni

Jina la beni limetokana na neno la Kiingereza lenye maana ya kikundi cha wapiga tarumbeta na ngoma za kijeshi. Ngoma hii ilizuka katika miji ya Mombasa na Lamu katika miaka ya 1890, wakati ambapo bendi za manowari, za misheni na za Sultani wa Zanzibar zilikuwa zikisikika pwani. Terence Ranger, katika kitabu chake cha mwaka 1975, ameonyesha kuwa beni haikuingia mahali patupu. Miji ya Waswahili ilikuwa na desturi ya siku nyingi ya mitaa kushindana kwa ngoma, mashairi na karamu. Kilichobadilika ni vazi la ushindani, si ushindani wenyewe. Mjini Mombasa palikuwa na vyama vya Kingi na Skochi. Hawa wa pili walijipamba kwa mfano wa askari wa Uskoti.

Katika Afrika Mashariki ya Kijerumani vyama viwili vilivyovuma zaidi vilikuwa Marini na Arinoti. Marini ilijinasibisha na watu wa pwani, makarani na wenye elimu, ilhali Arinoti iliwavuta zaidi watu wa bara na vibarua. Kila chama kilikuwa na ngazi ndefu ya vyeo, vya wanaume na vya wanawake. Palikuwa na Kingi na Kaizari, na chini yao majemadari na maofisa wa daraja mbalimbali.

Vyeo hivyo vilitokana na utawala wa Wazungu, lakini kazi zake hazikutoka huko. Kingi wa beni hakurithi kiti wala hakuteuliwa na serikali. Alikipata kwa kukubaliwa na wenzake na kwa ukarimu wake katika karamu. Chama kiliwapokea wageni waliotoka miji mingine, kiliwasaidia wagonjwa, na kilimzika mwanachama aliyefia ugenini. Kwa kibarua aliyekuwa mbali na ukoo wake, cheo cha kujitungia kilikuwa na faida ambayo cheo cha kweli cha mkoloni hakikuwa nayo.

3. Vita na njia ya ziwa

Vita Kuu ya Kwanza iliifanya njia ya ziwa kuwa njia ya majeshi. Mwezi Juni 1916 majeshi ya Wabelgiji yaliingia Usumbura, mji unaotazamana na Uvira katika ncha ya kaskazini ya ziwa. Mwishoni mwa Julai yaliteka Kigoma, ambako reli ya kutoka Dar es Salaam ilikuwa imefika mwaka 1914, na tarehe 19 Septemba 1916 yakaingia Tabora. Nyuma ya askari walitembea wapagazi wanaokadiriwa kuwa zaidi ya 200,000. Kigoma ilibaki mikononi mwa Wabelgiji hadi mwaka 1921.

Kwa muda wa miaka mitano, basi, pande zote mbili za sehemu ya kaskazini ya ziwa zilikuwa chini ya bendera moja. Askari na wapagazi wa Kongo walikaa katika nchi ambamo beni ilikuwa imekwisha kuenea miongoni mwa askari na watu wa mijini. Vita ilipokwisha, askari waliorudi makwao waliipeleka beni hadi Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini, na ikachezwa pia katika miji ya migodi ya Katanga, ambako ilijulikana kwa jina la mbeni. Njia ya kwenda Katanga ilikuwa wazi: mvuke ziwani hadi Albertville, ambayo leo ni Kalemie, kisha reli. Katika nusu ya pili ya miaka ya 1920 vibarua walioandikwa Ruanda na Urundi kwa ajili ya migodi hiyo walipitishwa Usumbura na kuvushwa ziwa.

4. Mchezo mbele ya watawala

Kadiri beni ilivyoenea, ndivyo hofu ya watawala ilivyokua. Watu wanaoandikiana barua kutoka mji hadi mji, wenye majemadari na michango, walionekana kuwa hatari. Hofu hiyo ilidhihirika mwaka 1935, wafanyakazi wa migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini walipogoma na sita kati yao kuuawa kwa risasi huko Luanshya. Kamisheni iliyoundwa ilisikiliza ushahidi mwingi kuhusu mbeni. Hata hivyo, sababu kubwa iliyoitaja ilikuwa jinsi ongezeko la kodi lilivyotangazwa kwa ghafla. Chanzo kilikuwa katika amri ya serikali, lakini macho yalikuwa yamekwisha kuelekezwa kwa wacheza ngoma.

Wala haifai kuitukuza beni kupita kiasi. Dharau ya Marini kwa Arinoti ilikuwa dharau ya kweli, na mashindano yalileta ugomvi na gharama. Ulimwengu wa kujitungia hauwatoi watungaji wake nje ya matabaka yao.

Lakini uhai wa utungaji huo hauna shaka. J. Clyde Mitchell aliieleza mwaka 1956 ngoma ya kalela, iliyokuwa katika ukoo wa mbeni, kama alivyoiona Luanshya. Mfalme wake alivaa suti, palikuwa na daktari wa koti jeupe, na muuguzi, mwanamke pekee katika kundi, aliyewapitia wachezaji na kioo na kitambaa ili wajiweke nadhifu. Majemadari wa vita walikuwa wamepungua. Mahali pao palikuwa pamechukuliwa na watu wa mji wa mgodi.

5. Hitimisho

Mwaka 1974 ulichapishwa Marekani mchezo uitwao Dungeons & Dragons, ambao kila mshiriki huchukua nafsi ya mhusika katika ulimwengu wa kubuni. Wapenzi wake hawakutosheka na yaliyomo kitabuni, bali walijitungia nchi, vyeo na visa vyao. Tabia hiyo huzungumzwa kana kwamba ilizaliwa na vitabu hivyo. Wacheza beni waliifanya mapema zaidi, na katika hali ngumu zaidi, kwa kuwa ulimwengu walioupokea haukuwa wa kubuni. Kaizari alikuwa na mizinga, na gavana alikuwa na jela.

Mengi yaliyoandikwa kuhusu ngoma hii yaliandikwa na watu walioiogopa. Mtafiti wa utamaduni wa Kiswahili katika mwambao wa Ziwa Tanganyika hana budi kuyasoma maandishi hayo kwa hadhari. Orodha ya vyeo iliyomtisha ofisa ilikuwa, kwa mpagazi, orodha ya watu watakaomzika.