Slivu

Slivu, ambayo baadhi ya mafundi huiita laina, ni bomba la chuma ndani ya bloku ya injini. Pistoni hupanda na kushuka ndani ya slivu. Slivu ikilika, injini hula oili, hutoa moshi wa buluu na kukosa nguvu. Katika trekta kuukuu, kama zinazolima mahindi Mbozi na Momba mkoani Songwe, slivu ni kavu au ya maji. Kavu, kama ya Perkins ya silinda 3 katika Massey Ferguson 135, huingizwa kwa presi. Ya maji huguswa na maji ya rejeta, hivyo huzibwa chini kwa ringi za mpira. Uzembe mkubwa ni kuipachika juu ya kutu: ringi hukatika, maji huingia kwenye sampu ya oili, nayo oili hugeuka nyeupe kama maziwa.