Wapangaji wa Mtandaoni

Ijumaa moja asubuhi, kabla sijanywa hata chai, nilifungua ukurasa wetu wa mashairi kwenye simu nikakuta haupo. Nikadhani bando limekwisha. Nikanunua vocha, nikajaribu tena. Safari hii likaja tangazo fupi: akaunti imeondolewa kwa kukiuka kanuni. Kanuni ipi, halikusema. Tukakata rufaa kwa kubonyeza kile kitufe walichotuwekea, na jibu likaja baada ya dakika mbili, yaani muda ambao hata mtu wa kusoma shairi moja kwa makini asingemaliza. Rufaa imekataliwa.

Ukurasa ule tulikuwa tukiuendesha watu wanane: wanne wa huku Tanga, wawili Mombasa, mmoja Unguja na mmoja Muscat. Kwa miaka sita tulikuwa tukilumbana humo. Mmoja anatupa fumbo Jumatatu, wengine wanalifumbua kwa vina vilevile mpaka Alhamisi. Mzee wetu, mwalimu mstaafu wa Pangani, ndiye aliyekuwa akitunyamazisha sote. Alikuwa akitunga moja kwa moja kwenye simu, daftari hana. Alifariki mwaka mmoja kabla ya ukurasa kufungwa. Wanawe walipotuuliza habari za mashairi ya baba yao, tuliwajibu bila wasiwasi wowote: yapo mtandaoni, hayaendi popote.

Maneno hayo ndiyo yaliyonisukuma kuisoma historia hii. Mtandao wenyewe sitautaja, maana nilichojifunza ni kwamba kisa kama chetu kingeweza kutokea kwenye wowote ule.

Tuanzie nyumbani, kwa sababu kulumbana kwa masafa hakukuletwa na simu. Mwanzoni mwa karne ya 19, Mombasa na Lamu zilipogombana mpaka zikapigana, washairi wa pande mbili walikuwa wakirushiana tungo: Muyaka bin Haji upande wa Mombasa, Zahidi Mngumi upande wa Lamu. Shairi lilivuka bahari, limeandikwa kwa hati za Kiarabu au limehifadhiwa kichwani mwa msafiri, na likifika lilijibiwa. Kila mji ulikuwa na watu wake wa kunakili na watu wake wa kukariri. Hapakuwa na bwana mmoja mwenye malumbano yote mkononi, ambaye akikasirika anayazima.

Muyaka alifariki mwaka 1840. Mashairi yake tunayo leo kwa sababu Mwalimu Sikujua wa Mombasa aliyakusanya kwa watu waliokuwa wakiyakumbuka, akifanya kazi hiyo pamoja na mmisionari wa Kiingereza, W. E. Taylor. Makaratasi ya Taylor yaliishia London, na mwaka 1940 William Hichens akachapisha Diwani ya Muyaka. Hebu tazama safari hiyo: vichwani mwa watu, karatasini, kabatini, kitabuni. Miaka mia nzima, na kila hatua kuna mtu aliyekaa chini akanakili.

Kisha likaja gazeti. Mambo Leo lilianza mwaka 1923, likiwa gazeti la serikali ya kikoloni ya Tanganyika, na kurasa zake zikawa uwanja wa washairi wa kila upande, akina Shaaban Robert wakiwemo. Hapo sasa mwenye uwanja alikuwepo. Mhariri alikuwa na mkasi, na nyuma ya mhariri kulikuwa na serikali. Lakini kuna jambo moja ambalo mhariri yule hakuliweza: gazeti likishatoka mtamboni na kusambaa, hakuweza kuingia nyumba hadi nyumba kuchana ukurasa wa mashairi. Nakala ilikuwa ya aliyeinunua.

Huo ndio uwezo tuliowapa wenye mitandao ya kampuni. Na tuliwapa wenyewe, kwa kubonyeza "nakubali".

Intaneti haikuanza hivyo. Mwaka 1979 wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, Tom Truscott na Jim Ellis, walibuni mfumo ulioitwa Usenet. Kompyuta moja ilikuwa ikiipigia nyingine simu, mara nyingi usiku gharama zikiwa chini, zinapeana mazungumzo mapya, kisha kila moja inabaki na nakala yake. Hata barua pepe tunayoitumia leo ina sura hiyohiyo: mimi nina kampuni yangu, wewe una yako, na bado tunaandikiana. Ukiichoka kampuni yako unahamia nyingine, na hakuna anayekwambia kwamba sasa huruhusiwi kuwaandikia rafiki zako wa zamani.

Kilichotuhamisha huko ni urahisi, na sisi wa Afrika Mashariki nadhani zaidi ya wengine, kwa sababu wengi wetu tuliingia mtandaoni kupitia simu na si kupitia kompyuta. Nani angeanza kujifunza mambo ya seva wakati kuna mahali unajiunga kwa namba ya simu tu, bure, na binamu zako wote wako humo? Mimi mwenyewe sikujiuliza mara mbili.

Ishara lakini zilikuwepo. GeoCities, mahali ambapo mamilioni ya watu walijenga kurasa zao za kwanza, ilinunuliwa na Yahoo mwaka 1999, na mwaka 2009 Yahoo ikaifunga. Watu wa kujitolea walikimbizana kunakili walichoweza kabla mlango haujafungwa. Google Reader, iliyowasaidia wasomaji kufuatilia blogu nyingi kwa pamoja, ilizimwa Julai 2013. Mwaka 2019 Myspace ilikiri kwamba mamilioni ya nyimbo zilizowekwa humo kwa zaidi ya miaka kumi zimepotea wakati wa kuhamisha mitambo. Wanamuziki wale nao, bila shaka, walikuwa wamewaambia watu: zipo mtandaoni.

Mwaka 2016 kijana mmoja wa Ujerumani, Eugen Rochko, alitoa programu huria aliyoiita Mastodon. Ukiitazama juujuu inafanana na Twitter. Tofauti iko chini. Mastodon si jengo moja. Ni ramani ya ujenzi, na yeyote mwenye seva anaweza kujenga nyumba yake kwa ramani hiyo, kisha nyumba zote zikazungumza. Januari 2018 shirika la W3C, linaloweka viwango vya mtandao, lilipitisha itifaki inayoitwa ActivityPub, ambayo ndiyo lugha zinayoitumia seva hizo kuelewana. Fikiria daladala: kila gari lina mwenyewe, lina konda wake na masharti yake, ila barabara ni moja na hakuna mwenye gari anayeweza kuifunga.

Watu wachache walihamia. Kisha ikaja tarehe 27 Oktoba 2022, Elon Musk akakamilisha kuinunua Twitter kwa dola bilioni 44. Katika majuma machache karibu nusu ya wafanyakazi waliachishwa, wakiwemo wale wa ofisi ya Accra, Ghana, ambao ndio kwanza walikuwa wameanza kuikalia ofisi yao. Watu wakaanza kufungasha. Desemba mwaka huohuo Twitter iliifunga akaunti ya Mastodon iliyokuwa humo na kwa siku chache ikawazuia watu kuweka viungo vya kuelekeza huko. Mwenye nyumba anayewafungia mlango wapangaji wanaotaka kuhama: sijaona mfano ulio wazi zaidi ya huo wa kinachomaanishwa na neno "kumiliki". Mpaka mwisho wa mwaka watumiaji hai wa Mastodon kwa mwezi walikuwa wamepita milioni mbili. Baadaye wengi walirudi walikotoka, au wakaenda Threads na Bluesky.

Na sisi wanane, je? Baada ya lile balaa letu tulijadiliana miezi miwili, wengine wakitaka tufungue ukurasa mpya palepale tulipofukuzwa. "Tutaandika nini huko jangwani?" aliuliza mwenzetu wa Mombasa. "Shairi bila msomaji ni sawa na kuongea usingizini." Hakukosea. Tulikuwa na wafuasi elfu tatu. Kwenye seva ndogo tuliyohamia hawafiki mia mbili mpaka leo. Tumelipia uhuru kwa ukimya, na kuna siku ukimya ule unauma, hasa ukitupa fumbo zuri likakaa juma zima bila mjibu.

Tena nisiwadanganye kwamba huku hakuna mwenye nyumba. Yupo, ila sasa namjua jina na naweza kumpigia simu. Seva ndogo inategemea mtu mmoja au wawili wanaolipia mashine na kukesha wakiirekebisha. Wakichoka, wakifilisika au wakigombana, seva inakufa, na zimekufa nyingi. Kuna na jambo lililonishtua nilipolisoma: kwenye Mastodon ukihama seva, wafuasi wako wanaweza kukufuata, lakini maandishi yako hayahami. Unaweza kupakua nakala yake ukaihifadhi, ila huwezi kuipandisha kwenye nyumba mpya. Yaani hata huko kwenye uhuru, watu wanahama na mashairi yanabaki.

Na kuna serikali. Kwetu Tanzania kanuni za maudhui ya mtandaoni za mwaka 2018 ziliwataka wenye blogu na majukwaa wajisajili, wakilipa ada ambazo kwa mwaka wa kwanza zilipita shilingi milioni mbili. Juni mwaka huo JamiiForums ililazimika kusimama kwa muda. Ada zimekuja kupunguzwa, lakini somo halijafutika. Anayekwambia "jenga seva yako" mara nyingi anaishi mahali ambapo kujenga seva ni suala la pesa na utaalamu tu.

Kwa hiyo sisemi kwamba kila mtu ahame. Ninachosema ni kwamba nilikuwa nimelielewa swali vibaya. Nilidhani swali ni: tuandikie wapi? Muyaka hakujua mashairi yake yangeishia wapi, na mahali alipoyatungia si mahali palipoyaokoa. Yaliokolewa na wingi wa nakala, na watu waliojiona wana wajibu nazo. Mtandao wenye vituo vingi una faida hiyo moja kubwa: unarahisisha nakala kuwa nyingi. Wajibu lakini hauji na programu yoyote.

Sasa tuna zamu. Kila Alhamisi, malumbano yakifungwa, mmoja wetu anayanakili yote, anawatumia wengine saba kwa barua pepe, kisha anayaandika kwa mkono kwenye daftari kubwa la jalada gumu. Zamu yangu ni juma lijalo.

Wazo la daftari ni la yule mwenzetu wa Muscat. Kumbe miaka yote alikuwa na mazoea ya kuyaandika mashairi yaliyomgusa, na humo tulipata ishirini na sita ya Mzee. Mengine kumi na tano tuliyapata kwenye picha za skrini zilizokuwa simuni mwetu. Arubaini na moja, na tunakadiria alitunga zaidi ya mia tatu. Tulipompelekea binti yake yale tuliyoyapata, aliyasoma palepale barazani, polepole, kisha akauliza: "Na yale mengine?"

Hatukuwa na jibu. Kama wewe unayesoma ulikuwa miongoni mwa wale elfu tatu, na uliwahi kupiga picha ya shairi la Mzee wa Pangani kwa sababu lilikuchekesha au lilikuchoma, tafadhali tazama kwenye simu yako ya zamani. Hata ubeti mmoja tutaupokea.