Dhahabu ya Geita na Mzizi wa Jino
Dhahabu ya Geita tunaivaa shingoni na mkononi. Zamani dhahabu iliingia hata kwenye mzizi wa jino: mwanzoni mwa karne ya 19 madaktari wa meno Marekani waliujaza mzizi dhahabu nyembamba kama karatasi, tena bila ganzi. Subhanallah! Mwaka 1867 daktari Bowman akaanza kutumia utomvu mgumu wa mti wa Malesia, ndio unaotumika mpaka leo.

Geita na Shinyanga, kama kwetu visiwani, jino likiuma wengi bado hung'oa. Bibi harusi mtarajiwa, uliza kwanza kama mzizi unatibika. Utapigwa picha, utachomwa ganzi, kiini kilichooza kitatolewa na mzizi utazibwa. Pengine utarudi mara mbili. Litauma kidogo siku chache. Jino la nyuma huvikwa kofia, na ya dhahabu kwetu wanawake ni halali.