Askari Asiyepewa Bunduki: Habari za Job Maseko wa Tobruk



Baada ya hesabu za fedha na majina ya wenzetu waliotangulia, Halmashauri imeniagiza nijaze kurasa hizi kwa habari ya zamani. Nimechagua habari za mtu asiye wa kwetu, mtu wa Afrika Kusini, na sababu yangu ni hii. Mwaka huu wamefika mezani pangu wajukuu kadhaa wa askari wa vita vya 1939 hadi 1945, wakichukua vyeti vilivyoliwa na mende, wakitaka niwasomee. Takriban wote walianza kwa maneno yale yale: “Babu alikuwa mchukuzi tu, hakushika bunduki.” Hilo neno “tu” limenikaa moyoni, na ndilo lililonifanya nimkumbuke Job Maseko.

Maseko alikuwa mtu wa Springs, mji wa machimbo ya dhahabu mashariki ya Johannesburg, na kabla ya vita kazi yake ilikuwa kuwapelekea watu bidhaa zao. Serikali ya nchi yake ilipoingia vitani Septemba 1939, iliwataka Waafrika wajiandikishe, lakini kwa sharti ambalo wazee wetu watalielewa upesi: wasipewe bunduki. Mwafrika aliweza kuendesha lori, kuchimba handaki, kupika na kubeba majeruhi chini ya mizinga. Akiwekwa zamu ya ulinzi, mara nyingi alishika mkuki au rungu. Zaidi ya watu 70,000 waliingia jeshini kwa sharti hilo. Wengine wa jeshi hilo la Kusini walishukia Mombasa mwaka 1940, wakapigana na Wataliani huko Uhabeshi pamoja na askari wetu wa KAR. Maseko yeye aliangukia Divisheni ya Pili, iliyopelekwa kaskazini, katika jangwa la Misri na Libya, akapata cheo cha lansi koplo.

Tobruk ni bandari ya Libya. Mwaka 1941 ilizingirwa na adui miezi mingi na haikuanguka, hata watu wakadhani haianguki. Tarehe 21 Juni 1942 ilianguka. Jenerali Rommel wa Wajerumani aliivunja ngome kwa vifaru na ndege kwa muda wa siku moja, na Jenerali Klopper, Mwafrika Kusini aliyeamuru pale, akasalimu amri. Watu zaidi ya 30,000 walitekwa, miongoni mwao Waafrika Kusini wapatao 10,000, weupe na weusi. Churchill alikuwa Washington pamoja na Roosevelt habari ilipomfikia, na Rommel akapandishwa na Hitler kuwa Fildi Mashali.

Mateka weupe walitenganishwa na weusi. Wengi wa weupe walivushwa bahari kwenda Italia, kwenye kambi za waya. Mateka weusi, na Maseko mmoja wao, walibakizwa bandarini kupakua merikebu zilizoleta petroli na risasi za jeshi lile lile lililowateka. Maagano ya Geneva ya mwaka 1929, ambayo Ujerumani na Italia zilikuwa zimetia sahihi, yalikataza mateka kuchukulishwa silaha na risasi. Mwenye kutaka kujua maagano hayo yalikuwa na uzito gani kwa mtu mweusi, basi aitazame bandari ile: maji machache, chakula kichache, jua la Julai, na ndege za Waingereza zikija kuiangushia mabomu bila kujua ni nani walioinama chini ya magunia.

Hapo ndipo Maseko alipofanya tendo lake, na naomba msomaji asipite upesi. Yule adui aliyeona kwamba mpagazi mweusi si mtu wa kuogopwa, kwa kosa lake hilohilo alimwachia nafasi ya kuingia mpaka ndani ya tumbo la merikebu, mahali ambapo askari mwenye bunduki asingefika hata kwa miujiza. Maseko alikusanya baruti kutoka katika risasi, akaitia ndani ya mkebe mdogo wa maziwa, akatafuta na utambi. Ulipofika mnamo tarehe 21 Julai 1942, mwezi mmoja kamili tangu siku ya kutekwa, aliwekwa kazi katika chombo cha kupakia shehena kilichofungwa gatini, kimejaa tele. Wenzake wachache waliojua siri waliwashughulisha walinzi. Yeye akauficha mkebe katikati ya mapipa ya petroli, akauvuta utambi mpaka kwenye mlango wa sitaha. Wakati wa kuufunga mlango ulipowadia, akauwasha, akafunga, akatoka na wenzake kwa mwendo wa kawaida, kama watu waliochoka na kazi ya mchana.

Nimejaribu kuufikiri mwendo ule. Kukimbia kungemfichua, na kukawia kungemuua. Akifahamika, atapigwa risasi, na pengine wenzake wote pamoja naye. Chombo kililipuka, kikashika moto, kikazama pale pale bandarini.

Hakukaa kungojea bahati yake iishe. Alitoroka, akatembea kwa miguu muda wa majuma matatu kupita katikati ya majeshi ya adui, mpaka akawafikia watu wa upande wake huko El Alamein. Kutoka Tobruk mpaka hapo ni zaidi ya kilometa 450, na nchi yenyewe ni mchanga na mawe. Wazee waliopata kuvuka Chalbi au kaskazini ya Wajir wanajua majuma matatu ya namna hiyo yana maana gani kwa mtu asiye na ngamia.

Alitunukiwa Nishani ya Kijeshi. Taarifa ya nishani yake husifu werevu wake, uthabiti wake, na kutojali kwake adhabu ya adui wala mlipuko wenyewe. Mchoraji Neville Lewis, aliyewekwa na jeshi kuchora picha za vita na aliyeichora sura ya Maseko, alisimulia kwamba ilipendekezwa apewe Msalaba wa Victoria, nishani iliyo kuu kuliko zote, lakini kwa kuwa ni Mwafrika akapewa hiyo ndogo. Picha ile imetunzwa katika jumba la makumbusho ya vita huko Johannesburg.

Baada ya vita alirudi Springs, na hapa habari yake yafanana mno na za kwetu. Hapa Kenya, baada ya 1945, ulifanywa mpango wa kuwapatia mashamba Wazungu waliotoka vitani, na askari wetu walioporudi kutoka Burma hawakuwamo. Huko Kusini mwaka 1948 iliingia serikali ya ubaguzi, na mwenye nishani alirudi kuwa mtu wa kuulizwa pasi njiani. Tarehe 7 Machi 1952 Maseko aligongwa na gari la moshi, akafa. Alikuwa maskini. Alizikwa katika makaburi ya Payneville, na fedha za kumzikia zilikuwa za kukopa.

Mimi, niandikaye daftari la michango ya mazishi ya chama hiki, sikuweza kulipita neno hilo bila kuiweka kalamu chini. Mtu aliyezamisha merikebu kwa mkebe wa maziwa hakuachiwa hata bei ya jeneza.

Heshima ilimfuata kwa kuchelewa. Shule moja ya msingi katika mtaa wa KwaThema ilipewa jina lake, na pia barabara itokayo Springs kwenda huko. Mwaka 1997, baada ya ubaguzi kuondolewa, manowari moja ya Afrika Kusini ilibadilishwa jina ikaitwa SAS Job Masego. Masego kwa Kitswana maana yake ni baraka. Jeshi lilikuwa limeandika Maseko.

Vyeti vya wale babu zetu bado vimo katika sanduku la chama. Viwili nimekwisha visoma mpaka mwisho. Kimoja chasema mchukuzi, cha pili chasema dereva. Wenye navyo wengine wavilete siku ya Jumamosi, na majina ya wazee wao wayataje yalivyokuwa nyumbani, si yalivyoandikwa na karani wa jeshi.