Nusantara: Jina la Kijava lililobadilika maana kwa karne saba

NENO Nusantara lilivuma duniani Januari 17, 2022, pale Serikali ya Indonesia ilipotangaza kuwa hilo ndilo litakuwa jina la mji mkuu mpya unaojengwa katika Mkoa wa Kalimantan Mashariki, kisiwani Borneo. Siku iliyofuata Bunge la nchi hiyo lilipitisha sheria ya kuhamisha makao makuu kutoka Jakarta.

Jina hilo lilichaguliwa kati ya majina yapatayo 80 yaliyopendekezwa. Hoja ya Serikali ilikuwa kwamba linafahamika tangu zamani na kwamba linabeba sura ya taifa zima. Hata hivyo, historia ya neno lenyewe inaonyesha kuwa halikuanza na maana hiyo. Katika Kijava cha kale, Nusantara haikuwa nyumbani bali ng'ambo.

Asili ya neno

Nusantara ni muungano wa maneno mawili, nusa na antara. Nusa maana yake ni kisiwa, na mpaka leo neno hilo limo katika majina ya mahali kama Nusa Penida karibu na Bali, Nusakambangan kusini mwa Java na visiwa vya Nusa Tenggara.

Neno hilo ni la ukoo mkubwa wa lugha za Kiaustronesia, ulioenea kutoka Bahari ya Pasifiki hadi Madagaska, kisiwa ambacho wenyeji wa pwani ya Afrika Mashariki walikiita Bukini. Katika Kimalagasi kisiwa huitwa nosy, na jina la Nosy Be, kilichopo kaskazini-magharibi mwa Madagaska, maana yake ni kisiwa kikubwa. Wataalamu wa lugha wamethibitisha pia kwamba ndugu wa karibu wa Kimalagasi ni lugha za kusini mwa Borneo, kama vile Kimaanyan. Kwa hiyo, mji mkuu mpya unajengwa katika kisiwa kilekile ambako lugha ya Wamalagasi ilianzia safari yake.

Sehemu ya pili, antara, imetoka Kisanskriti, lugha ya Bara Hindi iliyoingia Java pamoja na dini za Kihindu na Kibudha. Huko hutumika kwa maana zaidi ya moja: baina, ndani, na pia -ingine au tofauti. Tofauti hiyo ndogo ndiyo chanzo cha mabishano yote yaliyofuata.

Kiapo cha Gajah Mada

Katika karne ya 14 sehemu kubwa ya Java ilikuwa chini ya dola ya Majapahit. Kitabu cha kale cha Kijava kiitwacho Pararaton kinasimulia kuwa waziri mkuu wa dola hiyo, Gajah Mada, aliapa kutoonja palapa hadi Nusantara itakapotiishwa. Wengi hueleza kuwa palapa ni viungo au starehe, ingawa wataalamu hawajaafikiana.

Kiapo hicho kilitaja sehemu kumi zilizokusudiwa. Miongoni mwake ni Bali, Sunda, Palembang, Pahang iliyopo Malaysia ya leo, Tumasik ambayo sasa ni Singapore, na Tanjungpura ya kisiwani Borneo. Hapo maana ni bayana: Nusantara ni visiwa vingine, vilivyo nje ya kitovu cha dola, vinavyosubiri kutawaliwa.

Utenzi wa Nagarakretagama, uliotungwa na Prapanca mwaka 1365 enzi za Mfalme Hayam Wuruk, nao unaorodhesha nchi zilizohesabiwa kuwa chini ya Majapahit. Upande wa Borneo limo jina la Pasir, ambalo hulinganishwa na Paser. Wilaya ya Penajam Paser Kaskazini ndiyo mojawapo ya wilaya mbili zilizomegwa ili kupata ardhi ya mji mkuu mpya.

Neno lafufuka

Baada ya Majapahit kuanguka, neno hilo lilififia kwa muda mrefu. Mwaka 1894 majeshi ya Uholanzi yalipovamia Lombok, mtaalamu wa lugha J. L. A. Brandes aliokoa muswada wa Nagarakretagama kutoka katika jumba la mfalme. Tafsiri na uchambuzi wa maandiko ya kale vililirejesha neno hilo midomoni mwa wasomi.

Miaka ya 1920 wapigania uhuru walitafuta jina lisilofungamana na Uhindi, kama lilivyofungamana lile la kikoloni. Ernest Douwes Dekker na Ki Hajar Dewantara ni miongoni mwa waliolinadi jina la Nusantara. Douwes Dekker aliligeuza maana kwa kuegemea Kimalei, ambako antara ni baina au kati. Kwa tafsiri hiyo, Nusantara ikawa visiwa vilivyo kati ya mabara mawili na bahari kuu mbili.

Hata hivyo, vijana waliokutana Oktoba 28, 1928 na kula kiapo cha umoja waliapa kwa jina la Indonesia, ambalo asili yake ni Kigiriki na maana yake ni Visiwa vya Hindi. Nusantara ikabaki kuwa jina la pili la nchi, la heshima na la fasihi.

Bahari iliyo kati

Tafsiri ya "kati" ilipata nguvu ya kisheria. Kwa sheria ya kikoloni ya mwaka 1939, kila kisiwa kilikuwa na maili tatu tu za bahari, na maji yaliyobaki yalikuwa huru kwa meli za kila taifa. Desemba 13, 1957, Waziri Mkuu Djuanda alitangaza kuwa maji yote yaliyo baina ya visiwa ni sehemu ya nchi. Msimamo huo, uliokuja kuitwa Mtazamo wa Nusantara, ulikubaliwa katika Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari wa mwaka 1982.

Aidha, Julai 1976 Indonesia ilirusha setilaiti ya mawasiliano na kuiita Palapa, kwa kumbukumbu ya kiapo kile. Visiwa vilivyoapiwa kutekwa sasa viliunganishwa kwa simu na televisheni.

Nchini Malaysia na Brunei, Nusantara si Indonesia peke yake. Ni ulimwengu mzima wa Wamalei, wenye kujumuisha pia Singapore na kusini mwa Thailand.

Mabishano ya sasa

Kutokana na historia hiyo, jina la mji mpya lilipingwa na baadhi ya wanahistoria. Walidai kuwa linarudisha mtazamo wa Java, kisiwa chenye takriban asilimia saba ya ardhi ya Indonesia lakini zaidi ya nusu ya wananchi wake. Wengine walihoji vipi jina la nchi nzima lipewe mji mmoja. Kwa upande wao, Wabalik na Wapaser, wenyeji wa eneo la ujenzi, wamekuwa wakidai haki ya ardhi na makaburi ya wazee wao.

Wanaolitetea jina hilo husema kuwa kuhamia Kalimantan ndiko kunakolisahihisha, kwani kitovu kinaifuata ng'ambo. Agosti 17, 2024 sherehe za uhuru zilifanyika huko kwa mara ya kwanza, na amri ya Rais Prabowo Subianto ya mwaka 2025 imeweka lengo la Nusantara kuwa mji mkuu wa kisiasa mwaka 2028.

Miaka zaidi ya 650 iliyopita, mshairi wa Majapahit aliiandika Pasir katika orodha ya nchi za ng'ambo. Iwapo lengo hilo litatimia, ng'ambo hiyo ndiyo itakayokuwa makao ya Serikali, na Java itakuwa moja ya visiwa vyake.