Saranda na Ada ya Kulisha Wasafiri

Mgeni anayeingia mkoa wa Singida akitaraji kuona mto mkubwa wenye migahawa kando yake na taa zinazomulika majini usiku kucha, hatauona, kwa kuwa nchi hii imo katika ukanda mkavu wa katikati ya Tanzania, mito yake aghalabu ni makorongo yanayofurika masika na kukauka kiangazi, na maziwa mawili yaliyoukumbatia mji wenyewe, Singidani na Kindai, yana maji ya chumvi yanayowafaa heroe kuliko wanadamu. Walakini lile ambalo miji mingine huliweka ukingoni mwa mto, yaani mahali pa wageni kushuka, kula, kunywa na kuzungumza hata usiku ukaingia, Singida imekuwa nalo tangu zamani, na asili yake ni maji yayo hayo kwa uhaba wake: palipokuwa na kisima au dimbwi, msafiri alisimama, na aliposimama, wenyeji walimletea chakula.

Kabla ya reli, njia kuu ya misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Unyanyembe, yaani nchi ya Tabora ya leo, na Ujiji ilikata Ugogo, ikaupanda ukingo wa Bonde la Ufa, kisha ikaingia katika pori ambalo wapagazi waliliita Mgunda Mkali, ambalo sehemu yake kubwa leo imo katika nchi ya Manyoni na Itigi, kusini mwa mkoa huu. Hapo ndipo walipopita Richard Burton na John Speke mwaka 1857, na Henry Stanley mwaka 1871 alipokuwa akimtafuta Livingstone, na kabla yao na baada yao maelfu ya wapagazi wa Kinyamwezi na matajiri wa pwani ambao hawakuandika vitabu. Watemi wa Ugogo walitoza kila msafara hongo, yaani ushuru wa kupita, na visima vilikuwa na wenyewe. Hata tajiri mwenye bunduki nyingi alilazimika kukaa siku kadhaa akijadiliana, akitoa vitambaa vya merikani na kaniki, ushanga na waya wa shaba, mpaka aridhiwe kuendelea na safari yake.

Wasafiri wa Ulaya walilalamika sana juu ya hongo hiyo, na malalamiko yao yamesomwa mno kuliko yalivyostahili. Mtu akiiangalia habari kwa upande wa mwenyeji, ataona kwamba msafara wa watu mia kadhaa uliposhuka katika nchi yenye visima vichache na mvua ya mashaka, ulikunywa maji ya mifugo na kula nafaka ambayo mwaka wa ukame ndiyo ingalikuwa tofauti ya uhai na mauti. Kutoza hongo kulikuwa sheria ya nchi, na penye sheria pakapatikana amani ya kufanya soko. Kambini wenyeji walileta mtama na uwele, mbuzi, kuku, mayai, samli, maziwa, asali, na chumvi ya Ugogo iliyosafiri hata Unyamwezi. Hivyo kitambaa kilichofumwa Marekani na kupakuliwa Unguja kiliishia mikononi mwa mwanamke wa bara aliyekuwa na kuku wa kuuza, na mpagazi aliyetembea tangu alfajiri akala nyama usiku ule kando ya moto.

Kambi hizo zilifuata maji bila kukosea. Mdaburu ilijulikana kwa korongo lake, ambalo hata kiangazi lilibakiza madimbwi. Mbele yake ilikuwako Jiwe la Mkoa, penye mwamba mkubwa, ambapo watu wa kabila la Wakimbu walifyeka pori na kulima, na msafara uliochoka kwa miiba na kiu ukapata nafaka ya kununua kabla ya kuendelea Tura na Unyanyembe. Lau mtu angeuliza siku zile wapi katika nchi hii pana mji unaochangamka usiku, jawabu lingekuwa kambi hizi: leo watu mia, ngoma na moto, kesho majivu tu, hata uje msafara mwingine.

Wajerumani walipotwaa nchi walijenga boma Kilimatinde, juu ya ukingo wa Bonde la Ufa, mahali pa kuiangalia njia ya misafara, na kwa muda Kilimatinde ikawa na hadhi kubwa. Ila reli ilibadili kila kitu. Ujenzi ulianza Dar es Salaam mwaka 1905, ukafika Morogoro 1907, Tabora 1912 na Kigoma 1914. Kilimatinde ikaachwa kando, Manyoni ikapata stesheni na baadaye makao ya wilaya, na chini ya ukingo, pale ambapo garimoshi linamaliza tambarare za Bahi na kuanza kupanda mlima, ikasimama Saranda.

Saranda ni kituo kidogo, na asiyesafiri kwa reli ya kati pengine hajalisikia jina lake. Lakini kwa watu wa Tabora, Kigoma na Mwanza jina hilo lina harufu ya kuku. Abiria waliolala na njaa ndani ya behewa huanza kulitaja kabla kituo hakijaonekana. Garimoshi likisimama, wanashuka kwa haraka, na wale wenye watoto au mizigo wasiyoweza kuiacha wanatoa mikono dirishani, na mama lishe wamekwisha kupanga meza zao: wali, ugali, kuku wa kienyeji wa kukaanga na wa mchuzi, nyama, mayai ya kuchemsha, chai. Biashara hii ina elimu yake. Mpishi hana hakika ya saa, maana garimoshi huchelewa. Akipika mapema chakula kinapoa, akikawia abiria wanaondoka na fedha zao. Tena hana nafasi ya kupatana bei kwa urefu, kwa sababu king'ora kikilia muuzaji na mnunuzi hawataonana tena. Uaminifu unaotakiwa hapo, wa kumpa sahani mtu aliye dirishani kabla hajatoa fedha, au kumpa fedha mtu aliye chini kabla hajarudisha chenji, nauhesabu katika fahari za nchi yetu.

Mji wa Singida wenyewe ulipata tawi la reli kutoka Manyoni katika miaka ya 1930, likang'olewa katika miaka ya 1940, kisha likajengwa jingine lililoanza kazi katika miaka ya 1990. Lakini kilichoukuza mji ni barabara, kwa kuwa hapo hukutana njia za Dodoma, Arusha na Mwanza, na malori yaendayo Rwanda, Burundi na Kongo hulala hapo. Ndiyo maana usiku wa Singida una moshi wa nyama choma na kuku, na kando yake vilabu vya pombe ya mtama na wanzuki wa asali ya mapori ya Manyoni. Na kuku wa Singida husafiri kwa matenga hata Dar es Salaam, ambako jina la mkoa limekuwa dhamana ya ladha.

Sasa reli mpya ya umeme, ambayo tangu mwaka 2024 imekuwa ikichukua abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma, inaendelea kujengwa kupita Manyoni kuelekea Tabora. Ni jambo la heri, na hakuna mwenye akili atakayetaka abiria wakeshe njiani ili kuku wauzwe. Lakini treni ya mwendo kasi haina dirisha la kufungulia wala wasaa wa kungoja mchuzi, na stesheni mpya hujengwa kwa vioo na milango yenye walinzi. Kwa hiyo ninawasihi wenye mamlaka ya reli na halmashauri ya Manyoni wawatengee mama lishe wa Saranda na wenzao mahali pa haki ndani ya stesheni mpya, penye meko, maji na kodi wanayoiweza, kabla nafasi hizo hazijagawiwa wenye mitaji mikubwa kutoka mijini. Na msafiri anayekwenda bara, nafasi ya kupanda garimoshi la zamani ikiwa ingalipo, ashuke Saranda na kula.