Kuvimba kwa ukuta wa tumbo uzeeni na uhusiano wake na saratani

Gastraitisi ni kuvimba kwa ukuta wa ndani wa tumbo. Kwa watu wenye umri mkubwa, hali hii mara nyingi huwa imedumu miaka mingi bila maumivu yoyote. Hapo ndipo ilipo hatari yake, kwani kutokuwapo kwa maumivu si uthibitisho wa uzima.

Chanzo kikuu cha gastraitisi sugu ni bakteria aitwaye Helicobacter pylori. Kwa kawaida mtu huambukizwa utotoni, hasa penye msongamano na uhaba wa maji safi, na asipotibiwa huishi naye maisha yake yote. Bakteria huyo alitambuliwa nchini Australia na madaktari Barry Marshall na Robin Warren, wakati ambapo wengi waliamini kwamba hakuna kiumbe kiwezacho kustahimili asidi ya tumbo. Mwaka 1984 Marshall alimeza bakteria hao makusudi, akapatwa na gastraitisi. Wawili hao walitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Tiba mwaka 2005.

Uvimbe unapoendelea kwa miongo kadhaa, utando wa tumbo hunyauka na tezi zitoazo asidi hupungua. Baadaye, seli za sehemu hiyo huweza kubadilika na kufanana na zile za utumbo, na kwa watu wachache mabadiliko hayo huishia kuwa saratani. Wengi wenye maambukizi hawafikii hatua hiyo. Hata hivyo, mwaka 1994 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani lilimworodhesha bakteria huyo miongoni mwa visababishi vya saratani kwa binadamu. Uvutaji wa sigara na ulaji wa vyakula vyenye chumvi nyingi huongeza hatari.

Japani, ambako saratani ya tumbo imeathiri watu wengi kwa muda mrefu, ilichukua hatua mbili. Tangu mwaka 2013, bima ya afya hugharimia tiba ya kumwondoa bakteria huyo kwa wagonjwa wa gastraitisi. Aidha, mwongozo wa mwaka 2016 unapendekeza watu wenye umri wa miaka 50 na zaidi wapimwe saratani ya tumbo kila baada ya miaka miwili, ikiwa ni pamoja na kwa kipimo cha mpira wenye kamera.

Tiba huchanganya antibiotiki na dawa ya kupunguza asidi. Hupunguza hatari ya saratani lakini haiiondoi kabisa, hasa ikiwa utando umekwisha kunyauka. Kwa hiyo mzee aliyetibiwa anaweza kuhitaji kuendelea kuchunguzwa.

Katika Afrika Mashariki pia, maambukizi ya utotoni ni ya kawaida, na wengi hutuliza kiungulia kwa vidonge vinavyouzwa madukani. Vidonge hivyo hupunguza asidi, lakini haviwaui bakteria. Bakteria huyo hugunduliwa kwa kipimo cha choo au cha pumzi, na hali ya utando huonekana kwa kamera.

Mzee anayepungua uzito bila sababu, anayeshiba upesi, anayepata shida kumeza, mwenye upungufu wa damu, au anayetapika damu au kupata choo cheusi kama lami, apelekwe hospitali bila kukawia. Saratani ya tumbo ikigunduliwa mapema, uwezekano wa kupona ni mkubwa zaidi.